Deni la kujenga depo: tupige hesabu mbele ya kusaini

Katika ziara zetu swali moja linarudi sana: ushirika uchukue deni kwa kununua parseli na kujenga depo yake, ao uendelee kulipa nyumba ya mtu? Jibu letu si ndiyo wala hapana. Inategemea depo itaingiza nini, na deni litalipwa wakati gani.

Tuanze na faida ya mkopeshaji. Tuseme munakopa dola 6.000 kwa miezi 12, kwa 2% kila mwezi. Kuna wanaohesabu hiyo 2% juu ya dola 6.000 zote mpaka mwisho, hata kama mumekwisha kurudisha nusu. Ni dola 120 kila mwezi, 1.440 kwa mwaka. Wengine wanahesabu juu ya deni linalobaki: mukirudisha 500 kila mwezi, mwezi wa kwanza faida ni 120, wa pili 110, wa tatu 100, mpaka wa mwisho 10. Jumla 780. Kwenye karatasi ni ile ile 2%, lakini tofauti ni dola 660, na hizo ni mabati mengi. Basi musiulize tu "asilimia ngapi?" Muombe tablo ya malipo yote, pamoja na makuta ya dosye, komite iisome kwanza.

Halafu kuna kalenda. Mahindi ya Septemba yanavunwa Januari ao Februari. Mukianza kulipa Oktoba, mutalipa na nini? Ushirika mmoja tuliousindikiza ulilipa miezi mitatu ya kwanza kwa makuta ya mbegu. Wanamemba wakapanda nusu ya mashamba, depo ikabaki kuta bila paa, mwishowe ikauzwa hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tumeangalia udongo na plani ya jengo. Tarehe za malipo hatukuziangalia. Kosa lilikuwa letu pia.

Kwa hiyo muombe malipo ya kwanza yaanze kisha mavuno kuuzwa. Mkopeshaji akikataa, afazali kujenga kwa vipande: msimu huu msingi na kuta, msimu ujao paa, kwa michango. Inachelewa, lakini hakuna mtu atakuja kuwafungia mlango. Tena, kama munauza kwa franka, deni la dola linaweza kuongezeka hata bila ninyi kukopa tena: franka ikishuka, itabidi kuuza magunia mengi zaidi kwa kulipa dola zile zile.

Sasa parseli yenyewe. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kwa sertifika inayotolewa na konservateri wa udongo. Karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya chifu haitoshi kwa kuweka parseli ipoteki. Ndiyo maana wakopeshaji wengine wanaomba nyumba ya prezida ao mashamba ya wanamemba kuwa garanti. Hapo tunasema wazi: mukatae. Na sertifika iandikwe kwa jina la ushirika, si la prezida, juu siku akifariki watoto wake watakuja kudai depo, na karatasi itawapa haki.

Mbele ya kurudi kwa mkopeshaji, muandike magunia mangapi yaliingia depo ya kukodi msimu uliopita, na kila gunia liliongeza franka ngapi kwa kungoja bei ipande. Mukituletea daftari hilo, tutahesabu pamoja.