Samaki Wadogo Waliovunja Rekodi za Maji

Samaki wa urefu wa kidole hawezi kuhama kila maji yanapobadilika. Joto, hewa iliyoyeyuka majini, tindikali, nguvu ya mkondo na urefu wa msimu wa mvua ndivyo vinavyomwekea mipaka. Wengi hukaa penye unafuu. Wachache wamejipenyeza hadi kwenye maji makali ambako adui na mshindani hushindwa kufika. Hawa hapa ndio mabingwa wao.

Mstahimilivu wa moto na magadi

Kusini mwa Kenya, chemchemi za moto hububujika kandokando ya Ziwa Magadi. Humo anaishi perege mdogo, Alcolapia grahami, katika maji yanayofikia nyuzijoto 42 na pH ya karibu 10. Kwenye magadi makali kiasi hicho samaki wa kawaida hushindwa kutoa amonia kupitia matamvua, ikamlimbikia mwilini na kumuua. Perege huyu huigeuza taka hiyo kuwa urea, kama afanyavyo binadamu. Wanasayansi walilitangaza jambo hilo mwaka 1989. Usiku oksijeni inapokaribia kwisha majini, hupanda juu kuvuta hewa. Miaka ya 1950 na 1960 alipandikizwa Ziwa Nakuru, lililokuwa halina samaki, ili ale viluwiluwi vya mbu. Alistawi hata mwari wakafurika kumla.

Anayekomaa upesi kuliko wote

Nothobranchius furzeri wa Msumbiji na Zimbabwe huishi katika vidimbwi vya mvua, na kidimbwi kikikauka maisha yake yamekwisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba porini anaweza kukomaa na kuanza kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa haraka hivyo. Mayai yake hubaki ndani ya tope kavu, ukuaji ukiwa umesimama, yakisubiri mvua nyingine. Unguja nayo ina ndugu yake, Nothobranchius guentheri, anayetegemea mayai ya namna hiyo hiyo.

Mdogo kabisa, kwenye maji machachu

Katika vinamasi vya mboji vya Sumatra, Indonesia, maji ni meusi na pH yake hushuka hadi 3, yaani ukali unaokaribia wa siki. Huko ndiko anakoishi Paedocypris progenetica, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2006. Jike aliyekomaa alipimwa akawa na milimita 7.9 tu, na ni miongoni mwa samaki wadogo kuliko wote duniani.

Bingwa wa kupanda maporomoko

Lentipes concolor wa Hawaii huanguliwa mtoni, akasombwa hadi baharini angali kiluwiluwi, kisha hurudi kutafuta maji baridi. Mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kunatia, na kwa kikombe hicho hupanda mwamba unaotiririka maji. Anapatikana hata juu ya maporomoko ya Akaka, yenye urefu wa mita 135 hivi. Samaki wanaomwinda mtoni hubaki chini.

Fundi wa hewa haba

Katika Msitu wa Kibale, Uganda, Enteromius neumayeri huishi kijitoni na pia katika kinamasi cha mafunjo cha Rwembaita. Chini ya mafunjo maji hutulia, majani huoza na oksijeni hupungua sana. Watafiti waliwakuta wa kinamasini wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa kijitoni, ingawa ni samaki wa aina moja. Uhaba huo wa hewa pia ni ngao. Katika Ziwa Nabugabo, huko huko Uganda, sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, hushindwa kuingia ndani ya mafunjo, na samaki wadogo hupona humo.

Mwenye makazi finyu kuliko wote

Cyprinodon diabolis, mwenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, yupo mahali pamoja tu porini: Devils Hole, pango lenye maji ya nyuzijoto 33 katika jangwa la Nevada, Marekani. Chakula chake na mazalio yake viko kwenye kibao cha mwamba cha takriban mita 5 kwa 3.5. Visima vya mashamba ya jirani viliposhusha maji, kibao kilianza kubaki wazi. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua uvutaji wa maji upunguzwe. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2013 ilikuta samaki 35 tu.

Uamuzi ule ulilinda kina cha maji, na hapo ndipo uhifadhi wa samaki hawa unapoanzia. Aliyejifunza kuishi mahali pamoja pagumu hana pengine pa kwenda mahali hapo pakibadilika. Kabla hatujavuta maji ya chemchemi au kufyeka mafunjo, tupime kwanza joto, kina na hewa ya maji hayo, na tujue nani anaishi humo.