Msuguano na Vumbi: Usafishaji wa Rola za Kuvutia Karatasi katika Printa za Kunyunyiza Wino

Printa ya kunyunyiza wino inapoacha kuvuta karatasi, au inapovuta mbili tatu kwa pamoja, mtumiaji huelekea kuhitimisha kuwa mashine imechakaa. Makala haya yanashikilia kuwa hitimisho hilo, mara nyingi, ni la haraka mno. Chanzo huweza kuwa tabaka jembamba tu la vumbi juu ya mpira, na namna hitilafu inavyojitokeza hutosha kuonyesha sehemu inayopaswa kusafishwa. Suala hili si dogo katika mazingira ya vyuo, ambako tasnifu huchapishwa katika steshenari zenye printa za matangi ya wino, kama vile Epson L3110, na ambako mashine ikisimama siku moja mwanafunzi anaweza kupitwa na tarehe ya kuwasilisha.

Rola ya kuvutia hugandamiza karatasi ya juu ya rundo na kuisukuma ndani. Mkabala nayo huwapo pedi ndogo ya kutenganishia, ambayo kazi yake ni kuizuia karatasi ya pili isifuate. Ili karatasi moja tu ipite, misuguano mitatu haina budi kupangika kwa ngazi: ule wa rola na karatasi uwe mkubwa kuliko ule wa pedi na karatasi, na huo wa pedi nao uwe mkubwa kuliko ule wa karatasi kwa karatasi. Kwa karatasi za kawaida za ofisini, uwiano wa nguvu ya msuguano kwa nguvu ya mgandamizo hukaribia 0.5, ilhali mpira safi wa rola huweza kupita 1. Nafasi iliyo kati ya viwango hivyo viwili ndiyo pedi inamofanyia kazi. Ngazi ya juu ikivunjika, rola huzunguka bure na karatasi haisogei. Ngazi ya chini ikivunjika, karatasi huingia kwa makundi. Kwa hiyo printa isiyovuta kabisa hukaguliwa rola kwanza, na inayovuta nyingi kwa pamoja hukaguliwa pedi. Mafundi wengi husafisha rola katika hali zote mbili, kisha hushangaa tatizo la pili likibaki palepale.

Vumbi lenyewe halitoki barabarani pekee. Karatasi nyeupe ya ofisini hutengenezwa kwa nyuzi za mti pamoja na unga wa madini, hasa kalisi kaboneti, ambao huweza kufikia takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa karibu gramu 5, hivyo rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5, na ndani yake huweza kuwamo nusu kilo ya unga huo. Kiasi kidogo sana hubanduka wakati wa kupita, hasa kwenye kingo zilizokatwa kwa kisu butu, lakini hicho kidogo hujishindilia katika vinyweleo vya mpira hadi uso wake ukawa laini na wenye kung’aa.

Zaidi ya rola ya kuvutia, kuna mhimili wa kusogeza karatasi mstari kwa mstari chini ya kichwa cha kuchapia. Uchafu katika mhimili huu hauikwamishi karatasi. Huifanya isogee kwa hatua zisizo sawa, na ukurasa hutoka na michirizi ya mlalo. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mtumiaji hudhani matundu ya wino yameziba, akaamuru usafishaji wa kichwa mara tatu, mara nne. Kila amri humwaga wino kwenye sifongo ya wino taka, na hesabu ya sifongo hiyo ikifika kikomo mashine hugoma kuchapa. Busara ni kuchapa kwanza ukurasa wa kukagulia matundu. Ikiwa mistari yake yote imekamilika, na aina ya karatasi iliyochaguliwa ni sahihi, lakini michirizi ipo bado, basi usafishaji wa kichwa hauna la kusaidia.

Kuhusu usafishaji wenyewe, printa huzimwa na kuchomolewa umeme, karatasi zikaondolewa, kisha rola ikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa vizuri. Rola huzungushwa kwa kidole kuelekea upande karatasi inakoingilia. Ikikataa, isilazimishwe, kwa kuwa meno ya gia ni ya plastiki. Baadhi ya printa, zikiwamo Canon PIXMA, zina amri ya kuzungusha rola kwa ajili ya kusafisha, nayo itumike kabla ya kufungua chochote. Pedi nayo ifutwe, kisha vyote viachwe vikauke kabisa. Ukanda mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya kichwa usiguswe: alama zake ndizo zinazoijulisha mashine kichwa kilipo.

Alkoholi ya isopropili inafaa kwa doa la wino au mafuta, kwa kiasi kidogo; ikizoeleka huweza kuukausha mpira. Mafuta ya taa, petroli na thina ni marufuku, maana huvimbisha mpira. Msasa, unaopendwa na baadhi ya mafundi, hurejesha mshiko kwa muda mfupi kwa gharama ya kuupunguza mpira wenyewe. Rola iliyopasuka, au ambayo hung’aa hata baada ya kufutwa na kukauka, haina dawa ila kubadilishwa.

Uhifadhi wa karatasi nao huigusa ngazi ile ya misuguano. Katika unyevu wa pwani, rimu iliyoachwa wazi hunywa maji, karatasi zikapinda na kushikamana. Hivyo zirudishwe katika ganda lake kila jioni, na zipepetwe kwa vidole kabla ya kuwekwa kwenye trei.