Pikipiki Wakati wa Masika

Leo tutasoma habari za pikipiki wakati wa masika.

Hapa Lumemo, Ifakara, mvua kubwa hunyesha toka Machi hata Mei. Mto hujaa, na udongo mweusi wa bondeni hunata sana. Hujishindilia kati ya gurudumu la mbele na madigadi. Gurudumu hukwama, mpandaji huanguka. Basi tengeneza pikipiki yako nyumbani mapema.

Kwanza, inua madigadi ya mbele kidogo, matope yapate nafasi ya kupita.

Pili, ninginiza nyuma yake kipande cha mpira wa tairi kuukuu, matope yasirukie injini.

Tatu, osha mnyororo na kuupaka mafuta, kwa maana mchanga huula upesi.

Ukifika mtoni, simama kwanza. Maji ya kasi yakifika magotini, usivuke. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa, injini huzimika. Usiiwashe! Maji hayashindiliki kama hewa, na vyuma vya ndani huweza kupinda. Zima swichi, fungua plagi, piga kiki mpaka maji yatoke.

Ukivuka salama, bonyeza breki taratibu mara kadhaa zikauke. Breki zilizolowa hazishiki vizuri.

Kumbuka, huenda umempakia mama mja mzito anayekwenda hospitali. Wazee walisema: Kawia ufike.

Maswali:
1. Kwa nini tunainua madigadi?
2. Injini ikiingia maji, utafanya nini?