Lavoisier: Mizani ya Maabara na Daftari la Ushuru (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Antoine Lavoisier mwaka 1768, kijana wa miaka 24, akiingia Chuo cha Sayansi cha Paris. Mwaka huohuo alinunua hisa katika Ferme générale, ushirika wa matajiri waliomlipa mfalme fedha kisha wakajitozea wenyewe ushuru wa chumvi, tumbaku na bidhaa zilizoingia Paris. Makabaila na makasisi walisamehewa kodi nyingi. Mzigo ukamlemea mkulima.

Wako wanaopenda kuyatenga maisha yake hayo mawili. Mimi nayaona ni mamoja. Faida ya ushuru ilimnunulia mizani za bei kubwa, na desturi ya mhasibu, kwamba kilichoingia sharti kilingane na kilichotoka, akaingia nayo maabarani. Wenzake waliamini kwamba kitu kikiungua hutokwa na dutu iitwayo flojisto. Yeye akapima: fosforasi ikiungua huongezeka uzito, maana imechukua kitu hewani. Kitu hicho akakiita oksijeni.

Kanuni kwamba maada haipotei aliieleza katika kitabu chake cha 1789, tena, jirani zetu wa Muhoroni wafurahi, katika sura ya uchachushaji wa sukari! Alipima sukari, maji na hamira, kisha akapima pombe na gesi iliyotoka. Kiwanda cha Muhoroni kinachogeuza molasi kuwa spiriti hakiwezi kukwepa hesabu hiyo. Wala mpika busaa, ukiteremka Nyalenda kutoka hapa Milimani: kimea cha wimbi hugeuza wanga kuwa sukari, hamira huila, na lile povu ni kaboni dioksaidi ikitoroka.

Mkewe, Marie-Anne Paulze, aliozwa mwaka 1771 akiwa na miaka 13. Alijifunza Kiingereza ili amtafsirie hoja za wapinzani, akaandika kumbukumbu za majaribio na kuchora vielelezo vya kitabu hicho.

Tarehe 8 Mei 1794, Mapinduzi yakiwa yamemwondoa mfalme na kuleta Jamhuri, Lavoisier alikatwa kichwa kwa gilotini, siku moja na baba mkwe wake, mtoza ushuru mwenzake. Husimuliwa kwamba hakimu alitamka kuwa Jamhuri haihitaji wanasayansi. Wanahistoria wengi hawasadiki. Kemia haikumuua. Aliuawa kwa ajili ya ushuru, na aliyekuwa akilipia chumvi ya mfalme hakuwa na sababu ya kumlilia.

Juma lijalo: jinsi mjane wake alivyorudishiwa mali na kuyachapisha maandishi yaliyobaki.