Potefeyi ya kukunja na potefeyi ndefu: dola yako inalala wapi?

Bakamarade wa mugodi, na bamama wenye kutunza falanga za nyumba, leo tuzungumuzie kitu kidogo: potefeyi. Kwa wengi, potefeyi ni potefeyi tu. Lakini ziko za namna mbili, na tofauti yake inaweza kula mushahara wako.

Ya kwanza ni ile ya kukunja. Ni ndogo, inaenea muzuri mu mufuko wa nyuma wa suruali. Noti inakunjwa katikati. Ya pili ni ndefu: noti inalala yote, bila kukunjwa. Dola iko na urefu wa sentimetre 15 na nusu hivi, kwa hiyo potefeyi hii inaomba mufuko wa ndani ya koti, sakoshi ya mama, ao kabati. Kisha kuko potmone, ya feza za chuma. Lakini tangu franka ya Kongo ilitoka mu 1998, hatuna feza za chuma. Potmone za bamama sokoni zinajaa noti ndogondogo zenye kukunjwa mara ine. Na ile Portefeuille yenye iko na minisitere kule Kinshasa, ya kuchunga makampuni ya Serikali, ni ingine: ile haipashwe kuingia mu mufuko wa mutu.

Tofauti hii inatuhusu namna gani? Dola inatengenezwa na pamba 75 kwa mia na kitani 25 kwa mia. Inavumilia kukunjwa. Lakini kila siku fasi ile ile, pamoja na jasho na kukaliwa mu bisi ya kazi, alama ya katikati inalegea, kisha inapasuka. Kwao Marekani, noti yenye kupasuka kidogo ingali feza. Hapa kwetu, Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, mupasuko kidogo tu unatosha: duka inakataa, mwenye nyumba anakataa, kambisti anaipokea kwa bei ya chini. Jasho ni lako, hasara ni ya watoto.

Basi tufanye hivi. Mu potefeyi ya kukunja, weka karti ya muchaguzi, karti ya kazi na franka za transpor. Dola zilale mu potefeyi ndefu, nyumbani, ao mu bahasha ngumu. Mwenye kulipwa mu franka, noti kubwa ni ya 20.000 tu, furushi ile haiwezi kuenea mu potefeyi ya kukunja. Beba bahasha.

Na siku ya malipo, usitoke haraka. Hesabu noti moja moja mbele ya gishe, tazama katikati na mu pembe. Yenye kupasuka, rudisha palepale, kamarade akiona. Ukisha kutoka, hakuna mwenye atakusikiliza. Delege wa sendika naye akuwe pale, asingoje kuitwa. Potefeyi muzuri inachunga noti muzima. Haiwezi kuponyesha yenye ulipewa ikiwa imepasuka. Mwenye kulipa na noti zenye soko inakataa, hajalipa mushahara muzima.