Linux kwenye mashini ya zamani: biro gani inapendwa, na gani inachosha?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inaomba angalau giga 4 za RAM na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi za okazioni tunazonunua hapa kwetu hazina hiyo TPM 2.0. Ndiyo sababu wengine wanahamia Linux, ambayo ni ya bure. Lakini wakifika huko wanakutana na swali jipya: utachukua biro gani?

Biro ni ule uso wa kompyuta: menyu, madirisha, ukanda wa programu, picha ya nyuma. Windows inakuletea moja tu. Kwa Linux, injini ya ndani inabaki ile ile, lakini uso unachagua wewe mwenyewe. Na mara nyingi kile mtu mmoja anachosifu njo kile mwenzake analalamikia.

Tuanze na GNOME, iliyoanza mwaka 1997. Njo inayokuja na Ubuntu. Wanaoipenda wanasema ni safi: hakuna vitu vingi vya kukuvuruga, unafanya kazi yako tu. Wasioipenda wanasema usafi huo umepita kipimo. Mwaka 2011, toleo la 3 liliondoa menyu ya zamani na kitufe cha kushusha dirisha, watu wakakasirika sana. Hata Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliikimbia kwa muda kisha akairudilia. Wengine walichukua GNOME ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE. Unaweza kuongeza vipande vya kurudisha ulivyozoea, lakini toleo jipya likifika, vingine vinakataa kufanya kazi. Tena, kwa mashini ya giga 2 ni mzigo.

KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Leo biro yake inaitwa Plasma. Mtu aliyezoea Windows hapotei: menyu iko chini kushoto, na karibu kila kitu kinabadilishwa. Lawama inatoka hapo hapo. Mipangilio ni mingi mpaka mwanafunzi anaweza kuhamisha ukanda na asijue namna ya kuurudisha. Kwenye mashini inayotumiwa na watu wengi, hiyo inaleta fujo.

Xfce inapendwa juu ni nyepesi na haibadiliki-badiliki. Matoleo yake makubwa ya mwisho yalitoka mwaka 2020, 2022 na 2024. Aliyeijifunza jana ataikuta vile vile kesho. Wanaoilaumu wanasema sura yake ni ya kizamani. Ila kwa mashini ya giga 2, wengi wanaanzia hapo.

Lakini tusidanganyane: biro nyepesi haipunguzi uzito wa intaneti. Ukifungua kurasa kumi ndani ya Firefox ao Chrome, RAM itajaa tu, hata ukiwa na Xfce.

Basi ufanye nini? Usifute Windows mara moja. Weka Linux kwenye flashi ya USB, uwashe mashini kupitia flashi hiyo, ujaribu. Itaenda polepole kidogo, lakini hakuna kinachoguswa ndani usipobonyeza kitufe cha kuiweka. Angalia Wi-Fi, sauti, printa na klavye ya Kifaransa. Ukiamua kuiweka, kopia kwanza faili zako zote mahali pengine.

Na ukichoka na biro uliyochukua, unaweza kuongeza nyingine kwenye mashini ile ile, ukachagua pale unapoandika neno la siri. Faili zako zinabaki. Kwa hiyo usichague juu ya uzuri wa picha. Anza na RAM uliyo nayo, kisha uulize nani atakayeitumia hiyo mashini kila siku.