Hukumu ya Vyombo Vipya vya Kulia na Kupikia

Kila sifa njema ni ya Allah, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Masoko leo yamejaa vyombo ambavyo wazee wetu hawakuvijua: vijiko vinavyong'ara kama dhahabu, vikombe vya kaure ya mifupa, brashi za kupakia siagi kwenye mikate. Wapo wanaoviharamisha kwa ugeni wake tu, na wapo wanaovitumia bila ya kuuliza. Wote wamekosea. Asili ya vyombo ni uhalali, na ugeni hauharamishi kitu. La kuulizwa ni: kimetengenezwa kwa nini?

Kwanza: Dhahabu na fedha. Katika Hadithi ya Hudhayfa (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Katazo hili ni la wanaume na wanawake. Mwanamke ameruhusiwa kujipamba kwavyo, si kulia. Ama chombo cha shaba au chuma kilichopakwa dhahabu, Mashafii wanasema: ikiwa kikitiwa motoni itapatikana dhahabu ya kukusanyika, ni haramu, ikiwa haipatikani, yajuzu kukitumia, ingawa kitendo chenyewe cha kupaka ni haramu. Na kama ni rangi tu isiyo na dhahabu ndani yake, hakuna ubaya.

Pili: Kaure ya mifupa. Hii iliboreshwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na Josiah Spode, katika mji wa Stoke. Karibu nusu yake ni jivu la mifupa, aghalabu ya ng'ombe. Mnyama akiwa amechinjwa kisharia, hapana tatizo. Akiwa ni mzoga, kwa Mashafii mfupa wake ni najisi, na moto hautoharishi. Mahanafi wanasema mfupa mkavu wa mzoga ni tohara isipokuwa wa nguruwe, na kitu kikigeuka dhati yake, hukumu yake nayo hugeuka. Mwenye kufuata madhehebu ya Shafi na achague udongo au kioo, lakini asimtie makosani ndugu yake aliyefuata kauli ya maimamu wengine.

Tatu: Brashi za nywele. Hapa ndipo wengi wanapoghafilika. Mwezi wa Februari 2017, serikali ya Malaysia ilikamata brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe. Wamaliki huziona nywele hizo kuwa tohara zikinyolewa. Kwa Mashafii ni najisi nzito, na chombo kilichoguswa nazo pakiwa na umajimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Njia nyepesi ya kupima: choma unywele mmoja. Wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua. Wa plastiki huyeyuka. Ukinuka kama nywele na asili yake haijulikani, iache brashi hiyo, ununue ya plastiki.

Basi enyi ndugu, tuulize kabla ya kununua, wala tusiharamishe bila ya dalili. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.